KATAPILA BILA FUNDI NI CHUMA KITUPU

Ndugu wananchi wa Songo! Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, ukabomoa nyumba, ukaua ndugu zetu. Tangu siku ile kilio chetu ni kimoja: katapila!

Vema, ziletwe. Kigoma kuna reli, Kalundu kuna bandari, Bujumbura ni jirani. Na tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Lakini mimi ni karani wa mgodi. Kila juma naandika daftarini: mashine imesimama, yangoja spea; fundi mgeni amerudi kwao.

Basi tudai: lisivuke mpaka wetu katapila hata moja bila spea zake na mwalimu wa vijana wetu. Akuuziaye chuma akakunyima ujuzi bado ni bwana wako.

Uhuru na ujuzi!