Daftari la Wiki: Mzigo Hauna Chumba

Kwihara ni kilomita chache tu kutoka Tabora mjini. Ukipanda bodaboda, vumbi ni nyongeza isiyolipiwa. Watu huja kuona tembe alimolala msafiri na mmisionari Livingstone. Yeye na mwandishi wa habari Stanley waliingia hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, mzee akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Miezi mitano! Nyumba ikapewa jina la aliyesubiri. Waliosubiriwa hawakupewa hata kona.

Oktoba 1873 alirudi akiwa amebebwa. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameukausha mwili wake na kuutoa Chitambo, katika Zambia ya leo. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta Kwihara, aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Februari 1874 wakamfikisha Bagamoyo. Mimi ningekuwa natembeza wageni pale, hadithi ningeianzia kwenye kukataa huko, vitanda na barua vifuate baadaye.

*

Pendekezo la bei nafuu kwa wenye makumbusho: fungeni mzigo mmoja wa kitambaa cha merikani, frasila mbili, muuache uani. Ni kama kilo 32. Mwanafunzi aujaribu begani, azunguke tembe mara moja, kisha aambiwe kwamba Mnyamwezi aliubeba kati ya hapa na Bagamoyo, tena na mkeka wake na sufuria yake juu. Halafu mwalimu aulize maswali.

*

Tabora haina ufukwe, lakini ilikuwa na bandari mbili: Bagamoyo mashariki na Ujiji magharibi. Ujiji nako kuna makumbusho na miembe, ila Ziwa Tanganyika lenyewe limerudi nyuma, na shughuli za bandari zilihamia Kigoma kitambo. Huko ndiko iliko Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafiri ndani ya makasha kwa reli, ikipita hapa Tabora. Ilishushwa majini 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Chombo cha namna hiyo hakihitaji maelezo marefu ukutani, kinahitaji kutunzwa.

*

Makumbusho ninayoyapenda zaidi Tabora hayana tiketi ya kiingilio: ni stesheni. Reli ya Kati ilifika hapa 1912, ikagusa Kigoma 1914; tawi la Mwanza likakamilika 1928. Katika karakana ya reli, mwaka 1916, Wajerumani waliofungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza walijipigia sarafu zao wenyewe, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake. Septemba ya mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Leo wakusanyaji wa Ulaya hushindana kwa fedha nyingi kuinunua sarafu hiyo. Vijana wengi niliowauliza stesheni hawajapata kuisikia.

*

Mji huu huitwa pia Mboka Manyema, kwa sababu ya Wamanyema, watu waliofuata njia ya misafara kutoka mashariki ya Kongo, wengine kwa hiari, wengi kwa kamba shingoni. Wajukuu wao wapo mitaani. Sijui kwa nini tunawatafuta wazee hao kwenye makabati ya vioo kabla ya kubisha hodi kwa wajukuu.

*

Tangu 2006 njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Kwihara ni kituo kimojawapo. Kwa upande wa reli, Nairobi ilifungua makumbusho yake 1971. Tabora, penye reli za pande tatu, bado. Na sasa reli ya kisasa, SGR, inajengwa kupita hapa. Taa za ishara, kengele, vitabu vya tiketi na vibao vya stesheni za zamani vikusanywe mwaka huu, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawangoji kikao cha kamati.