Kocha Si Mweka Hazina

Ligi ikianza vibaya kwa Gor Mahia, sisi mashabiki hatuchukui hata wiki tatu kumpata mwenye hatia. Ni kocha. Kapanga mabeki watatu badala ya wanne. Kamtoa winga dakika ya sitini na jamaa ndiyo kwanza anapata moto. Ana kiburi, haijui ligi yetu, kocha aende! Kesi inaisha kabla ya kuanza, na mshtakiwa ni mmoja tu: yule anayesimama peke yake kando ya uwanja, mahali ambapo chupa ya maji inaweza kumfikia.

Sisemi tusibishane kuhusu mbinu. Ubishi huo ndio starehe yetu, na mimi mwenyewe sinyamazi. Lakini jameni, tunabishana kwa macho ya kuazima. Jumamosi tunatazama Arsenal pale kibandani, Jumapili tunamdai kipa wetu aanzishe mpira kwa pasi fupi kama David Raya, kwenye uwanja ambao mpira ukibingirika hatua tatu unaruka kama panzi. Akiupiga mrefu, tunasema kocha ni wa zamani. Akiupiga mfupi ukanaswa, tunasema kocha ni mwendawazimu. Sasa afanye nini?

Chukua hao mabeki watatu. Mfumo wenyewe hauna ugonjwa wowote. Unawategemea wale wawili wa pembeni, ambao wanafanya kazi ya watu wanne: kupanda hadi kona ya wapinzani, kupiga krosi, kisha kurudi mbio kuziba pengo waliloliacha nyuma, dakika tisini nzima. Hiyo ni pumzi, na pumzi hujengwa kambini kabla ya ligi kuanza, mtu akiwa amelala vizuri na kushiba. Sasa mtwae mchezaji wa ligi yetu ambaye mshahara wake haujaingia miezi miwili, anayekuja mazoezini kwa nauli ya kukopa, na ambaye mwenye nyumba anampigia simu kila jioni. Mwambie huyo akabe juu. Atakaba dakika ishirini. Ya ishirini na moja ataanza kuchagua ni mpira upi wa kuukimbilia na upi wa kuuacha upite, na sisi kule jukwaani tutaanza kupiga kelele ati hana moyo.

Anayedhani hiki ni kisingizio akumbuke Agosti 2025. CHAN ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, kwa hivyo Harambee Stars ile karibu yote ilikuwa ya hawa hawa tunaowatukana Jumapili. Austin Odhiambo wetu aliifunga DR Congo bao pekee. Ryan Ogam wa Tusker akaifunga Moroko, bao pekee tena, na Kenya ikacheza kipindi chote cha pili ikiwa na watu kumi baada ya Erambo kuonyeshwa kadi nyekundu. Moroko hao ndio walioondoka na kombe. Sisi tulitolewa na Madagaska kwa penalti kwenye robo fainali, na bado inauma, lakini ile nidhamu ya kukaba tuliiona wote, hata wale wasioamini. Je, Benni McCarthy alikuja na miguu mipya kutoka Afrika Kusini? Hapana. Wachezaji walipewa wiki kadhaa za kambi, wakachezea nyasi laini pale Kasarani, na Rais akaahidi kila mmoja shilingi milioni 1 kwa kila ushindi. Mbinu zikaanza kuonekana ghafla, wueh!

Hebu sasa tuhesabu makocha. Kuanzia 2017 hadi 2025, Gor imepitiwa na Kerr, Oktay, Polack, Oliveira, Vaz Pinto, Harrison, Spier, McKinstry, Neiva na Mihic. Ni watu kumi kwa miaka minane. Wengine walifukuzwa, wengine walichoka wakaenda zao. Huyo Oliveira hata karatasi zake zilikataliwa na CAF, na aliyemwajiri hakuimbiwa wimbo wowote na jukwaa. Msimu wa 2024/25 tulianza na Neiva, tukamaliza na Mihic, na Kenya Police wakabeba ligi kwa mara yao ya kwanza. Ambrose Rachier aliingia ofisini kama mwenyekiti mwaka 2008. Fanyeni hesabu wenyewe.

Najua kuna mzee ataniambia, "Na Logarusic je?" Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2012 tulianza vibaya sana, Loga akaletwa katikati ya msimu, akafoka, akakimbizana na kila mtu, na tukapanda hadi tukalikosa kombe siku ya mwisho tu, likaenda kwa Tusker. Lakini Loga hakutupa kombe. Lilikuja 2013, la kwanza tangu 1995, na kufikia hapo alikuwa ameshaondoka. Kocha mkali anaweza kukupandisha. Kukubakisha juu ni kazi ya ofisi, na ofisi yetu tunaijua. Mwaka 2023 tulikuwa mabingwa wa Kenya, medali shingoni, na hatukucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu klabu ilinyimwa leseni juu ya madeni. Hapo ni mfumo gani ungetusaidia? Nne-tatu-tatu?

Mashemeji wa AFC Leopards wasicheke. Wao wameimba "kocha aende" kuliko sisi, na ligi walishinda mara ya mwisho 1998.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunaweza. Hiki si kikundi cha mashabiki wanyonge. Tukitaka, tunajaza Nyayo siku ya kazi. Kocha tunamtoa kwa kelele za Jumapili tatu, viongozi wanatetemeka, taarifa ya kumtakia kila la heri inaandikwa usiku huo huo. Nguvu hiyo tunaimwaga yote juu ya mtu ambaye hajui hata pesa za mlangoni zilikuwa ngapi. Kelele hizo hizo zingeuliza mambo matatu kabla ya mechi ya kwanza: mishahara imelipwa hadi mwezi gani, nani anatudai, na usajili ulifungwa lini hasa. Wachezaji wakija siku tatu kabla ya ligi, kocha anawafundisha majina ya wenzao, si mbinu.

Kwa hivyo mechi ijayo, dakika ya sabini, tukiwa chini bao moja na ule wimbo wa "kocha aende" ukianza upande wa kushoto kama kawaida, mimi nitakuwa nimekaa. Ukibadilishwa maneno ukawa wa mweka hazina, nipigieni mluzi nisimame.