Shilingi Kumi Zako Si za Kuachia Mungu

Mama yangu anauza mboga. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba kredo yake inaliwa na panya. Anaweka shilingi 50 asubuhi, jioni akitaka kumpigia anayemletea sukuma wiki anaambiwa salio halitoshi. Kwa wiki kadhaa alijilaumu mwenyewe, eti labda amepiga simu akasahau.

Siku moja nilichukua simu yake nikafungua SMS. Nilikuta jumbe 43 za utabiri wa mechi za mpira, moja kila asubuhi, kila moja shilingi 10. Mama hajui hata timu moja ya Uingereza. Jumla ni shilingi 430, na kwa meza yake hiyo si pesa ya kuchezea.

Nilipomwonyesha, alicheka kidogo akasema, "Wacha tu mwanangu, mimi nimeachia Mungu."

Maoni yangu ni haya: hilo neno "nimeachia Mungu" ndilo linatugharimu Wakenya wengi kwenye simu. Si kwamba hatuna haki. Tunazo, na ziko kwenye Katiba. Shida ni kwamba tunalalamika kwa mdomo, tunachoka mapema, halafu hatubaki na kitu cha kuonyesha.

Swali lililobadilisha mambo

Nilipiga simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni ya laini yake. Mhudumu alikuwa mpole. Aliondoa ile huduma hapo hapo, lakini akasema pesa hazirudi kwa sababu mteja ndiye aliyejiunga. Nikakata simu nimekasirika. Baada ya siku mbili nikapiga tena, na mhudumu mwingine akaniuliza shida ni nini, kana kwamba sijawahi kupiga. Nikaanza hadithi upya.

Mara ya tatu nilijifunza. Kwanza niliomba nambari ya kumbukumbu ya malalamiko, nikaandika tarehe, saa na jina la mhudumu. Pili, niliacha kusema "mnatuibia". Nikauliza: "Naomba rekodi inayoonyesha laini hii ilijiunga lini na kwa njia gani."

Ukisema unaibiwa, utaambiwa pole. Ukiomba rekodi, mtu lazima aende kuitafuta. Ikipatikana na inaonyesha kweli ulibonyeza, basi kubali yaishe, maana hata watoto hubonyeza simu za wazazi. Isipopatikana, kampuni haina msingi wa kukaa na pesa yako.

Baadaye nilituma barua pepe fupi: nambari ya laini, tarehe ya SMS ya kwanza na ya mwisho, jumla ya pesa, nambari ya kumbukumbu, na skrinshoti tatu. Siku kumi kimya. Nikaandika tena nikataja tarehe ambayo ningepeleka jambo hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Baada ya siku nne, kredo ya shilingi 430 ilirudi kwa simu ya Mama. Hakuna aliyeomba msamaha, lakini ilirudi.

"Lakini 430 ni pesa gani?"

Rafiki zangu wameniuliza hivyo. Muda wako si una thamani kuliko hiyo? Naelewa. Lakini makato madogo huishi kwa sababu kila mtu anapiga hesabu hiyo hiyo. Shilingi 10 haimtoi mtu nyumbani. Ikikatwa kwa laini nyingi, wote wakanyamaza, kosa linaonekana kama biashara nzuri. Malalamiko yako yakiandikwa, hata ya shilingi 10, yanakuwa alama kwenye mfumo kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Wengine wanasema weka tu kwa X, watakujibu haraka. Nimesomea masoko, kwa hivyo najua kwa nini wanajibu: wanalinda jina. Lakini njia hiyo inamfaa mwenye wafuasi. Mama mboga hana. Tena ukianika nambari yako na miamala yako hadharani, unawaita matapeli. Wanafungua akaunti zinazofanana na za huduma kwa wateja, wanakujibu kwa heshima, halafu wanaomba PIN. Hakuna malalamiko yanayohitaji PIN yako. Hakuna kabisa.

Ukikwama, panda ngazi

Anza na kampuni yenyewe kila mara, kwa sababu ukienda juu utaulizwa kama uliwapa nafasi ya kurekebisha. Kanuni za ulinzi wa watumiaji za mwaka 2010 chini ya sheria ya mawasiliano zinataka kampuni hizi ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko.

Wakikunyamazia, nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano kama shida ni ya laini, kredo, data, SMS au mtandao. Hao ndio walioendesha kampeni ya Chukua Hatua, ya kuwahimiza watumiaji walalamike. Kama shida ni ya pesa kwenye simu, msimamizi ni Benki Kuu ya Kenya. Watu wengi huchanganya hizi mbili, halafu wanazungushwa.

Ikiwa ni pesa nyingi na mmeshindwa kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nyuma ya haya yote kuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, habari anazohitaji, na fidia akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu.

Na sisi pia

Ingekuwa unafiki kuandika haya halafu nisitaje kampuni yetu. Hata sisi tukikukosea, tumia njia hii hii. Usifute SMS ya muamala, kwa sababu ile kodi ya herufi na nambari iliyo mwanzoni ndiyo ushahidi wako. Umetuma pesa kwa nambari isiyo yako? Ripoti saa hiyo hiyo, kabla aliyepokea hajazitoa. Ukiongea na mhudumu wetu, usikate simu kabla hujapewa nambari ya kumbukumbu. Akisahau kukupa, mwitishe. Si ukorofi, ni haki yako.

Siku hizi Mama ana ukurasa wake nyuma ya daftari la madeni. Hapo anaandika tarehe, jina la mhudumu na nambari aliyopewa. Juzi jirani yake wa meza ya pili alimlalamikia kwamba bando lake limeisha usiku akiwa amelala. Mama hakumwambia aachie Mungu. Alimuuliza, "Walikupa nambari gani?"

Jioni ya leo, pitia SMS zako za mwezi huu. Ukiona huduma usiyoijua, usifute. Iandike, halafu upige simu.