Dawa ya magugu ya mahindi yaweza kuunguza maharage ya msimu unaofuata

Mvua zikianza Ufipa mwezi Novemba, pampu za kunyunyizia nazo hutoka stoo. Kwa mkulima wa Kasense na kwingineko Sumbawanga, palizi ya jembe ni kazi ya siku nyingi, na dawa yenye atrazini humpunguzia. Mahindi hayadhuriki. Shida huja shamba hilohilo likipandwa maharage, kwa sababu atrazini iliyobaki ardhini huyaua.

Inabaki kwa muda gani? Kibandiko cha chupa hakimalizi jibu, maana sehemu kubwa iko kwenye udongo wenyewe.

Dawa hii huvunjwavunjwa hasa na vijidudu vya udongoni, nao wanataka joto na unyevu. Wakivipata, nusu ya atrazini huweza kuisha kwa takriban miezi 2. Sasa tuangalie uwanda wetu: uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, kiangazi ni kirefu, na Juni na Julai ni baridi. Miezi hiyo vijidudu hufanya kazi kidogo sana. Kwa hiyo anayesema "nilinyunyiza miezi 10 iliyopita" ahesabu zaidi ile miezi ya mvua.

Tindikali nayo ina mchango. Kwenye udongo wenye tindikali atrazini huvunjika upesi. Ukishaweka chokaa, hukaa zaidi. Hatusemi uache chokaa, ila kumbuka hilo unapopanga zao la kufuata.

Upande mwingine ni maji. Udongo wa kichanga huiachia dawa iteremke na mvua, wakati mfinyanzi na mboji huishika. Hapa tunawapa heko wazee wa Kifipa: matuta yao ya kufukia majani yaliongeza mboji, nayo hushika dawa na kuwalisha vijidudu. Anayechoma masalia kila mwaka anajinyima hayo, na kisima kifupi kikiwa bondeni chini ya shamba, hatari huongezeka. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa atrazini sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya kuchafua maji ya ardhini.

Kabla ya kupanda maharage, fanya jaribio dogo. Jaza kopo moja udongo wa juu, hadi sentimita 10, kutoka sehemu kadhaa za shamba lililonyunyiziwa. Jaza jingine udongo wa aina ileile kutoka mahali ambapo dawa haikufika. Toboa makopo chini, panda maharage ya mfuko mmoja, mwagilia sawa na uyaweke juani kwa wiki 3. Majani ya kopo la kwanza yakigeuka njano na kuungua kingoni, huku ya pili yakibaki ya kijani, shamba hilo bado lina dawa, lirudishie mahindi.