Lugha ya Matokeo katika Andiko la Kuomba Fedha za Utafiti: Mfano wa Chasu

Mjadala juu ya fedha za utafiti katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huelekezwa zaidi kwenye uhaba wa wafadhili. Ni nadra kuulizwa matokeo yatasomwa na nani, ilhali jambo hilo huamuliwa mapema, katika jedwali la bajeti. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba andiko la mtandao wa kimataifa wa utafiti wa lugha lisilotenga fedha kwa ajili ya lugha ya wanaotafitiwa lina dosari ya kitaaluma, hata likifadhiliwa.

Historia ya Chasu, yaani Kipare, inadhihirisha jambo hili. Waadventista Wasabato walifungua kituo chao Giti, Mamba, mwaka 1903. Mwaka 1909 mmishenari wao, Ernst Kotz, alichapisha Berlin sarufi ya Chasu kwa Kijerumani. Mwaka 1998 Abel Mreta alichapisha, kwa Kiingereza, uchambuzi wa njeo na hali katika lugha hiyo. Kazi zote mbili ni za thamani, lakini mkulima wa Mamba aliyesoma hadi darasa la saba hawezi kuzihakiki. Kamusi ya Mreta ya mwaka 2008 ni tofauti: ni ya Chasu, Kiingereza na Kiswahili. Ilitolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 kwa msaada wa Uswidi. Tofauti hiyo haikutokana na bidii ya mtafiti peke yake, bali pia na mradi uliokuwa na nafasi ya kuchapisha kwa Kiswahili.

Wanaisimu wana la kujifunza kwa wataalamu wa maji. Mtandao uliochunguza bonde la Makanya, wilayani Same, kuanzia mwaka 2003, uliunganisha Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vya Uholanzi, Uswidi na Afrika Kusini. Swali lake lilikuwa na mipaka: wakulima wadogo watumieje maji machache katika bonde hilo na katika bonde la Thukela, Afrika Kusini? Mahali palitajwa, ulinganishi ulikuwa dhahiri, na kila mshirika alikuwa na sababu ya kuwemo. Andiko linaloahidi “kuhifadhi lugha zilizo hatarini” halina sifa hizo. Linaloahidi kukusanya msamiati wa ndiva, yaani mabwawa ya asili ya umwagiliaji ya Upare, na wa kilimo cha tangawizi, kisha kuulinganisha na wa lugha jirani, linazo.

Yapo mapingamizi. Wapo wasemao kwamba wafadhili huweka ukomo wa fedha, na kwamba kuchapisha kwa Chasu na Kiswahili ni hisani, si sayansi. Pingamizi la kwanza lina uzito. La pili halina. Chasu ni lugha yenye toni, na Kiswahili hakina. Mnukuzi asiye mzawa hukosea, na kosa lake haligunduliki hadi mzawa asikie rekodi na kuyasoma maandishi yake. Kwa hiyo malipo ya wahakiki wa Mamba, nakala za rekodi zitakazobaki huko, na kijitabu cha lugha mbili ni sehemu ya mbinu za utafiti. Viandikwe katika sura ya mbinu, si mwishoni chini ya “usambazaji wa matokeo”, ambako ndiko bajeti hukatwa kwanza.

Inafaa basi rasimu ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili na kujadiliwa na wanakijiji kabla haijapelekwa Tume ya Sayansi na Teknolojia kuombewa kibali na kwa mfadhili kuombewa fedha. Hatua hiyo itachukua muda, na huenda ikabadili swali lenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeondoka na rekodi zote huku mzee aliyezitamka hajaachiwa hata nakala hajamponya yeyote.