Kondoo Wamechorwa, Mchungaji Je?

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa muhula huu katika chama chetu cha majadiliano. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne alisimama akasema kwamba picha za kondoo za Wazungu, tunazozikuta katika vitabu vya sanaa, ni mapambo matupu, wala hazina la kumfundisha mtu isipokuwa kwamba majani ya huko ni mabichi. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga. Kwa maoni yangu picha hizo ni ushahidi. Kwa muda wa miaka elfu na zaidi Ulaya ilimchora kondoo, ikavaa nguo za manyoya yake, ikatajirika kwa biashara yake, lakini mtu aliyekesha naye kwenye baridi ilimwona mara chache sana.

Tuanze Roma. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa karne ya 3 ziko picha za kijana aliyebeba mnyama mabegani, amevaa kanzu fupi ya mtu wa kazi. Mfano huo haukuanza kwa Wakristo; Wayunani walikuwa wamekwisha kuchonga watu wa namna hiyo karne nyingi kabla yao. Mimi naipenda ile kanzu fupi, maana nguo ndefu haipatani na kazi ya kukimbilia kondoo. Walakini ukienda Ravenna, Italia ya kaskazini, katika jengo dogo la karne ya 5 liitwalo kaburi la Galla Placidia, utamkuta mchungaji mwingine aliyetengenezwa kwa vijiwe vya rangi. Ameketi katikati ya kondoo sita, amevaa dhahabu na zambarau, na fimbo yake imekuwa msalaba. Ni picha nzuri ajabu, lakini yule ni mfalme. Baina ya picha hizi mbili dola ya Roma ilikuwa imekwisha kuipokea dini, na mchungaji akapandishwa cheo. Kwetu pia neno mchungaji lina maana mbili, na ukilitaja mjini watu hudhani unasema habari za kanisani.

Mtu aliyemrudisha mchungaji malishoni, kwa kadiri nionavyo mimi, ni Giotto. Katika kanisa dogo la Scrovegni mjini Padua, mnamo mwaka 1305, alichora ukutani habari za mzee Yoakimu, aliyefukuzwa hekaluni kwa sababu hakuwa na mtoto. Mzee anafika kwa wachungaji wake ameinamisha kichwa. Mbwa anamrukia kwa furaha. Kondoo wanatoka zizini, nao wamechorwa wadogo kupita kiasi. Lakini tazameni wale wachungaji wawili: hawamsalimu mzee, wanatazamana. Wanaulizana kwa macho, huyu bwana ana nini leo, na sisi tufanyeje? Mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa anaujua mtazamo ule. Yasimuliwa kwamba Giotto mwenyewe alikuwa mtoto mchunga kondoo, na kwamba mchoraji Cimabue alimkuta akichora kondoo juu ya jiwe. Hadithi hiyo iliandikwa na Ghiberti zaidi ya miaka mia baada ya Giotto kufa, kwa hiyo siwezi kuiapia.

Hapa yafaa tuulize fedha za sanaa zilitoka wapi. Mji wa Florence ulitajirika kwa riba na kwa sufu. Tangu mwaka 1331 ujenzi wa kanisa kuu la mji ulikuwa chini ya chama cha wenye biashara ya sufu, na alama ya chama hicho ilikuwa Mwana-Kondoo mwenye bendera. Mnara wa kengele wa kanisa hilo ulianzwa na Giotto mwaka 1334, na miongoni mwa michongo ya chini ya mnara, ya Andrea Pisano na mafundi wake, yumo Yabali wa kitabu cha Mwanzo, ameketi hemani pamoja na kondoo na mbwa wake. Matajiri wa sufu basi walikumbuka mali yao ilikoanzia, japo kwa jiwe moja. Mji wa Ghent nao uliishi kwa kufuma sufu, nyingi yake ikitoka Uingereza. Huko ndugu Hubert na Jan van Eyck walitengeneza picha kubwa ya madhabahu, iliyomalizika mwaka 1432: Mwana-Kondoo amesimama juu ya meza, damu inamtoka kifuani na kuingia kikombeni. Mafundi walipoondoa rangi zilizopakwa juu yake baadaye, kazi waliyoimaliza mwaka 2019, uso wa kwanza ulionekana, na macho yake yanakutazama moja kwa moja kama ya mtu. Manabii, mitume na watakatifu wamejaa pande zote wakimwabudu. Mchungaji hayumo.

Sasa nafika kwa Boucher, na wasomaji wanisamehe nikiwa mkali. Huyu alikuwa mchoraji Mfaransa wa karne ya 18, aliyependwa sana na jumba la mfalme Louis XV. Mwaka 1749 alichora kijana mchungaji akimlisha msichana zabibu, na kondoo wamelala karibu yao kama mito ya kitandani. Wachungaji wake huvaa hariri, na miguu yao mitupu ni safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nani anawaangalia kondoo? Hakuna. Mimi nimechunga kondoo wa babu kila likizo tangu darasa la tatu, na naweza kusema kwamba ukikaa kula zabibu hivyo, jioni utahesabu pungufu. Matajiri walitaka kuota kwamba kazi ya maskini ni mchezo, na Boucher akawauzia ndoto hiyo. Picha yake moja ya namna hiyo, iliyokatwa katika kalenda, imetundikwa katika maktaba yetu, juu ya meza ya magazeti.

Mlinganishe na Millet. Alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandy, mwana wa wakulima, naye alishika jembe kabla ya kushika brashi. Picha yake ya msichana mchunga kondoo ilionyeshwa Paris mwaka 1864, na leo iko katika jumba la Musée d'Orsay. Msichana amesimama katika uwanda mtupu, amejifunika joho zito, anafuma. Nyuma yake kondoo wamesongamana, vichwa chini, na mbwa amesimama pembeni akiwatazama. Hakuna linalotendeka. Hivyo ndivyo kazi ile ilivyo: saa nyingi za kusimama, na mikono isikae bure.

Najua nitajibiwa kwamba mchoraji si mwandishi wa habari, ana ruhusa ya kupendeza. Sikatai. Picha ya Millet nayo inapendeza, na mabwana wa Paris waliokasirishwa mwaka 1863 na picha yake ya mkulima aliyechoka na jembe waliipenda hii kwa sababu ilikuwa tulivu. Lakini hakumdanganya mtu yeyote juu ya msichana yule. Tena biashara haina haya: husimuliwa kwamba Mholanzi Anton Mauve alipouza picha za makundi ya kondoo kwa Wamarekani, kondoo wanaokuja, nyuso mbele, walikuwa na bei kubwa kuliko kondoo wanaokwenda zao.

Wako wanafunzi hapa shuleni ambao wakiulizwa walifanya nini likizo husema "nilipumzika", hali walichunga mwezi mzima. Namwomba mwalimu wa maktaba aishushe ile picha ya kalenda, atundike nakala ya Millet mahali pake. Fremu iliyopo inatosha, na gharama ya kuichapa niko tayari kuichangia.