Gofu na vijana: mpini hukatwa kwa urefu wa mkulima

Hakuna mama wa Kasaji anayenunua jembe bila kuutazama mpini. Anausimamisha kando ya mwili wake, anauinua, anapima uzito, kisha anaamua. Mpini mrefu unachosha mabega, mfupi unavunja kiuno. Binti yake wa miaka kumi na miwili akianza kwenda naye shambani, anakatiwa mpini wake mwenyewe. Jambo hilo halikufundishwa shuleni. Kila mwenye shamba analijua.

Katika mchezo wa gofu, hekima hiyo inasahauliwa mara nyingi. Kijana anayeanza anapewa fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanaume mrefu mwenye nguvu, anasimamishwa mbele ya kipira, anaambiwa apige. Anapiga udongo. Anarudia, anapiga hewa. Mara ya tatu kipira kinakwenda pembeni hatua kumi. Watu wanacheka, na mkubwa mmoja anasema mchezo huu haukuumbwa kwa watu kama yeye. Kijana anaamini, anaondoka. Lakini kosa halikuwa lake. Alipewa mpini wa mtu mwingine, na hakupewa mwalimu.

Msomaji wa Kasaji anaweza kuuliza: gofu inatuhusu nini, wakati familia zilizohama bado zinatafuta mabati na unga wa bukari? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lipo kwenye reli. Vijana wa Kasaji wanaotafuta kazi hufuata njia ile ile ya gari la moshi, kupitia Mutshatsha hadi Kolwezi, na wengine hadi Lubumbashi. Huko gofu ipo tangu zamani, kwa sababu ilikuja pamoja na migodi. Wahandisi wa shaba walipojenga miji, walijenga pia viwanja vyao vya kuchezea. Lubumbashi ina mtaa mzima unaoitwa Golf. Upande wa pili wa mpaka, nchini Zambia, miji ya shaba ya Ndola, Kitwe na Chingola ina viwanja vya gofu vinavyojulikana. Cha Ndola kina kichuguu kikubwa cha mchwa katikati ya uwanja, na wachezaji wanapiga kukizunguka.

Kwenye viwanja kama hivyo, kijana asiye na cheti wala ndugu ofisini huingia kwa mlango mmoja: kubeba mfuko wa mchezaji. Anatembea kilomita kadhaa akifuata mashimo 18, anatafuta vipira majanini, anasafisha fimbo, anashauri. Baada ya miaka michache anaujua uwanja kuliko mwenye mfuko. Anajua upepo unavuma kutoka wapi na mteremko unapeleka kipira wapi. Lakini yeye hana fimbo, na hajawahi kupewa hata saa moja ya somo. Ni kama mpishi anayepika karamu kila siku na kulala na njaa.

Wengine hukutana na gofu kwa njia ya msaada. Kampuni au mgeni mwenye moyo mwema analeta mfuko wa fimbo zilizotumika, anazigawa kwa watoto, picha zinapigwa, gari linaondoka. Familia za wahami zinaijua hali hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Zimewahi kupokea kiatu kizuri ambacho si cha mguu wa mtoto yeyote nyumbani. Mama anasema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha kiatu kinakaa chini ya kitanda. Msaada usiopimwa humfurahisha mtoaji zaidi kuliko mpokeaji.

Kupima fimbo si uchawi wa wazungu, wala hakuhitaji mashine ya bei kubwa ili kuanza. Maduka makubwa ya Ulaya na Marekani yana kamera na kompyuta za kufuata mwendo wa kipira, lakini misingi ni ile ile ya fundi wa kushona: mita kwanza, mkasi baadaye.

La kwanza ni urefu. Mchezaji anasimama wima akiwa amevaa viatu, mikono imening'inia, na mtu anapima kutoka kifundo cha mkono mpaka chini. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono ya urefu tofauti, kwa hiyo kimo peke yake hakitoshi. Fimbo ikiwa ndefu mno, kijana anasimama mbali na kipira na kichwa cha fimbo kinamshinda. Ikiwa fupi mno, anainama mpaka mgongo unauma.

La pili ni namna kichwa cha fimbo kinavyolala chini. Kwa anayepiga kwa mkono wa kuume, ncha ya kichwa ikiinuka, kipira huelekea kushoto. Kisigino kikiinuka, kipira huelekea kuume. Kijana anaweza kuhangaika mwezi mzima akibadilisha miguu na mabega, kumbe chuma ndicho kilichopinda vibaya kwa mwili wake. Mwalimu anabandika utepe chini ya fimbo, kijana anapiga kipira juu ya ubao, na alama iliyobaki inaonyesha sehemu gani iligusa. Alama ikikaa katikati, fimbo inamfaa.

La tatu ni ugumu na uzito wa mpini. Anayezungusha fimbo polepole anahitaji mpini mwepesi unaopinda kidogo ili umsaidie kukinyanyua kipira. Anayepiga kwa kasi anahitaji mgumu zaidi. Hapa ndipo watoto wanapoonewa zaidi. Mtu mzima anakata fimbo yake kuukuu kwa msumeno, anampa mtoto wa miaka tisa, na anaona ametenda jema. Kumbe mpini ukikatwa unazidi kuwa mgumu, na kichwa kinabaki na uzito wa mtu mzima. Urefu umepatikana, lakini fimbo bado si ya mtoto. Ni heri fimbo moja nyepesi kuliko sita zilizokatwa hivyo.

La nne ni mshikio wa raba. Kijana akishika kwa mkono wa kushoto, ncha za vidole viwili vya katikati ziguse kidogo tu nyama ya kiganja. Zikichimba ndani, mshikio ni mwembamba. Zisipofika, ni mnene. Na raba iliyokauka kwa jua inateleza hata ikiwa na kipimo sahihi. Ibadilishwe kabla fimbo haijaruka na kumwumiza mwenzake.

Kuna jambo la tano, na hilo linahusu mfuko wa fedha. Sheria za gofu zinaruhusu mchezaji kubeba fimbo 14. Zinaruhusu, hazilazimishi. Anayeanza anaweza kujifunza kwa tano au sita tu: ya kusukumia kipira shimoni, ya kukinyanyua karibu na shimo, chuma namba 9, namba 7, na moja ya kupiga mbali ambayo uso wake umelala vya kutosha kukipandisha kipira. Kijana wa Kolwezi anayekopa ili anunue mfuko mzima sokoni kwa sababu una jina kubwa ubavuni, kabla hajapata somo hata moja, ananunua deni. Somo lije kwanza. Mwalimu akishaona mwili wake na mwendo wake, ndipo fimbo itafutwe.

Na masomo yenyewe yaanzie shimoni, yarudi nyuma. Wengi huanza kwa kupiga mbali kwa sababu ndilo linalopendeza macho. Mwalimu mzuri humweka mwanafunzi hatua mbili kutoka shimo, amfundishe kushika, kusimama na kusukuma. Kisha hatua kumi. Kisha nusu ya mzungusho. Mzungusho kamili unakuja mwisho. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na kopo pana la bati lililofukiwa ardhini linatosha kwa mazoezi. Majani mabichi pia si lazima: sehemu nyingi za Afrika watu wamecheza kwa miaka mingi kwenye mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa. Wakati wa kiangazi cha Lualaba, ardhi ngumu ya kiwanja cha mpira, asubuhi kabla ya mechi, inatosha kwa somo la kusukuma.

Lakini somo la kwanza kabisa ni usalama. Kipira cha gofu ni kidogo, hakizidi gramu 46, lakini ni kigumu na kinaruka kama jiwe la manati. Kichwa cha fimbo ni chuma. Mahali palipojaa watoto, kama palivyo panapokaa familia nyingi zilizohama, mtu asizungushe fimbo mpaka mstari uchorwe chini na kila mtoto awe nyuma ya mstari huo. Asiyeweza kusimamia hilo asilete fimbo.

Kama kuna anayedhani kwamba anayeanza na kidogo hafiki mbali, atazame habari za Severiano Ballesteros wa Hispania. Alikulia kijiji cha Pedreña, alibeba mifuko ya wachezaji, na alianza na kichwa cha chuma kikuukuu namba 3 ambacho yeye mwenyewe alikitafutia vijiti vya kuwa mpini. Baadaye alipata chuma namba 3 kamili, akajifunza mapigo ya kila aina ufukweni kwa fimbo hiyo moja. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open mjini Nairobi, na kabla ya kumaliza kazi yake alikuwa ameshinda mashindano makubwa ya dunia mara tano. Watu wanaposimulia habari hii husifu fimbo moja. Wanasahau mambo mawili. Mpini ule alijikatia mwenyewe kwa kipimo chake. Na hakukosa mwalimu: kaka zake na mjomba wake walikuwa wachezaji wa kulipwa.

Karibu zaidi na Lualaba, Madalitso Muthiya wa Zambia alicheza US Open mwaka 2006, Mzambia wa kwanza kufika hapo. Zambia ni jirani, shaba yake na ya Kolwezi ni ya mkanda mmoja. Hakuna sababu ya udongo inayozuia mtoto wa upande huu.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Gofu hula ardhi na maji. Katika mji ambao mhami anaomba nusu hekta ya kulima mihogo na hapati, kuzungumzia uwanja wa mashimo 18 ni matusi. Hoja hiyo ikubaliwe. Kasaji haihitaji uwanja wa gofu, na shamba la mtu lisiguswe kwa ajili ya mchezo. Wengine wanasema watoto wanacheza mpira wa miguu, inatosha. Mpira wa miguu ni mzuri, lakini si kila mtoto ana mbio. Yupo mpole, mwenye jicho kali na mkono mtulivu, ambaye hachaguliwi na timu yoyote. Huyo naye ni mtoto wa watu.

Hoja inayobaki ni ndogo na inawezekana. Kama mtu anakuja na gofu, aje nayo nzima: kipimo, mwalimu na muda. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za migodi kutenga angalau 0.3% ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa na kazi zao. Fedha hizo zianze na maji, shule na dawa. Lakini pale ambapo mradi wa michezo unaletwa mezani, wakubwa wa mtaa, wazazi na wawakilishi wa wahami wana haki ya kuuliza kabla ya kupiga makofi. Na vilabu vyenye vijana wanaobeba mifuko vinaweza kuanza bila fedha mpya: saa moja ya somo kila siku ya posho, baada ya kazi, kwa fimbo chache za klabu zilizopimwa, na kwa sharti kwamba mtoto mwenye umri wa shule asikose darasa kwa sababu ya mfuko wa mtu.

Maswali ya mzazi ni matatu tu. Nani atampima mtoto? Nani atamfundisha? Atarudi mara ngapi baada ya picha kupigwa? Mwenye majibu akaribishwe, apewe kiti na maji ya kunywa. Asiye na majibu, fimbo zake zibaki garini, na watoto warudi kwenye mpira wao.